Kupima potasiamu kwenye mkojo kwa mashine ya elektrodi: mwongozo kamili kwa maabara za Dar

Jibu la potasiamu ya mkojo lilitoka likisomeka 2.6 mmol/L (milimoli kwa lita). Mwenye mkojo alikuwa mama wa makamo ambaye potasiamu ya damu yake ilikuwa imeshuka, na daktari wake alitaka kujua jambo moja: madini haya yanapotelea wapi, kwenye figo au tumboni? Alipoiona 2.6 akaamini kwamba figo zinaibana potasiamu vizuri, akaanza kutafuta chanzo tumboni. Wiki mbili baadaye ililetwa sampuli ya pili, na hapo ndipo tulipogundua kwamba ile ya kwanza ilizimuliwa mara kumi kwa mkono, ikapitishwa kwenye mashine kwa programu ya seramu (majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake), na hakuna aliyezidisha kwa kumi. Jibu la kweli lilikuwa 26. Figo zilikuwa zinavuja, na kilichozivujisha ni vidonge vya presha vya kukojoza alivyokuwa akimeza kila asubuhi. Mimi nilikuwa mmoja wa walioweka saini kwenye karatasi ile, na sijaisahau.

Mashine siku ile ilikuwa nzima. Kalibresheni (kuilinganisha mashine na mimumunyo ya kiwango kinachojulikana) ilipita, kontroli za seramu (sampuli za majaribio ambazo jibu lake linajulikana) zilipita. Tulichokosea ni kuuchukulia mkojo kana kwamba ni damu iliyopauka. Nawaandikia wenzangu wa maabara, kuanzia zile ndogo za Mbagala na Gongo la Mboto hadi kubwa za Upanga, hatua kwa hatua, kuanzia dumu la mgonjwa hadi namba inayokwenda kwa daktari.

Mkojo si damu

Kwenye damu ya mtu mzima mwenye afya potasiamu hukaa kati ya takriban 3.5 na 5.1 mmol/L. Mwili unailinda mipaka hiyo kwa nguvu zote, kwa sababu ikivukwa moyo unayumba. Mkojo hauna mipaka ya namna hiyo. Sampuli moja inaweza kuwa na 8 mmol/L na inayofuata ikawa na 120, na wote wawili wakawa wazima: mmoja amekunywa maji mengi, mwingine ameshinda juani Kariakoo kisha akanywa madafu mawili. Kazi ya figo ni kutupa ziada, kwa hiyo mkojo unabeba kilicholiwa na kunywewa.

Hapo ndipo matatizo ya upimaji yanapoanzia. Mashine nyingi ndogo za elektrolaiti (chumvi za mwilini) zimetengenezwa kwanza kwa ajili ya seramu, yaani majimaji ambayo chumvi zake zinafanana kwa watu karibu wote. Mkojo una chumvi kidogo sana au nyingi sana, pH inayopanda na kushuka, fuwele, kamasi, na bakteria wanaoendelea kuongezeka ndani ya dumu.

Elektrodi inaona nini

Ukielewa sehemu hii, makosa mengi utayakamata bila kufungua kitabu cha mashine.

Ndani ya elektrodi ya potasiamu kuna utando mwembamba wa plastiki ya PVC uliochanganywa na valinomaisini, kemikali iliyotengwa mwaka 1955 kutoka kwa bakteria wa jamii ya Streptomyces. Molekuli yake ni kama pete, na tundu la pete hiyo linaitosha ayoni ya potasiamu, yaani potasiamu yenye chaji ya umeme, sawasawa. Sodiamu, ingawa ni ndogo zaidi, haishikwi vizuri. Potasiamu inapoingia kwenye pete hizo upande wa sampuli, unajengeka umeme mdogo kati ya pande mbili za utando. Mashine inaulinganisha na umeme wa elektrodi ya rejea, ambayo haibadiliki, na tofauti yake inapimwa kwa milivolti.

Milivolti hizo hazipandi sambamba na kiasi cha potasiamu. Zinafuata mlinganyo wa mwanakemia Walther Nernst wa mwaka 1889, yaani zinapanda kwa logi. Kwenye nyuzi 37, potasiamu ikiongezeka mara kumi umeme unapanda takriban milivolti 61.5, kwenye nyuzi 25 ni takriban 59.2. Sasa geuza hesabu: milivolti moja tu ikipotea, jibu linahama kwa karibu asilimia 4. Milivolti moja ni kitu kidogo mno. Inaweza kuletwa na kiputo cha hewa kwenye mrija, na waya wa ethi uliolegea, na chumvi iliyoganda kwenye kiunganishi, na kiyoyozi kinachopuliza juu ya mashine. Ndiyo maana mashine hii inadai utulivu na usafi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha.

Jambo la pili ni kwamba elektrodi inahisi ayoni zilizo huru kutenda, na utendaji wao unategemea wingi wa chumvi zote zilizo kwenye majimaji hayo. Mkojo mwepesi na mkojo mzito wenye potasiamu ileile vinaweza kutoa milivolti tofauti. Dawa yake ni kuuzimua mkojo kwa maji maalumu ya kuzimulia, ambayo yana sodiamu kloraidi ya kiasi kinachojulikana, ili kila sampuli ifike kwenye utando ikiwa katika mazingira yanayofanana. Mashine kubwa zinafanya hivyo zenyewe ndani kwa ndani. Zile ndogo za mezani, ambazo ndizo nyingi kwetu, zinakutegemea wewe na pipeti yako.

Jambo la tatu linahusu amoniumu. Ayoni hii ina ukubwa unaokaribiana na wa potasiamu, kwa hiyo pete ya valinomaisini inaikubali kidogo, kwa kadiri ya moja kwa mia. Kwenye mkojo mbichi haina madhara ya maana. Lakini mkojo una urea nyingi, mara nyingi 200 hadi 400 mmol/L, na kila molekuli ya urea ikivunjwa na bakteria inatoa amonia mbili. Dumu lililoshinda kwenye joto la Dar hadi likaanza kunuka amonia linaweza kuwa na amoniumu mamia ya mmol/L, na hapo elektrodi inakuongezea potasiamu ya uongo ya 4, 5, hata 6 mmol/L. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zinabana, ambaye jibu lake la kweli ni 8, hiyo inabadilisha uamuzi wote wa daktari.

Kukusanya mkojo

Hapa ndipo majibu mengi yanapoharibikia, kabla mashine haijawashwa. Kuna sampuli za aina mbili: mkojo wa saa 24, na mkojo wa mara moja.

Mkojo wa saa 24 unahitaji maelezo ya mdomo. Karatasi peke yake haitoshi. Mimi humkalisha mgonjwa pembeni, mbali na foleni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi ukiamka, kojoa chooni kama kawaida, uumwage. Andika saa. Kuanzia hapo kila mkojo unaingia kwenye dumu hili, mchana na usiku. Keshokutwa saa kumi na mbili ileile unakojoa mara ya mwisho, na huo unauweka dumuni."

"Wa kwanza naweka?"

"Wa kwanza unaumwaga mama. Wa mwisho unauweka."

Halafu namwomba anirudie kwa maneno yake. Wengi wanakosea mara ya kwanza, na si kwa kutosikia: kumwaga mkojo wakati umeagizwa kuukusanya ni jambo lisiloingia akilini. "Wa kwanza mwaga, wa mwisho weka" ni maneno machache ambayo mtu anaweza kuondoka nayo hadi kituo cha daladala bila kuyasahau.

Muulize anashinda wapi. Mama ntilie wa Buguruni au kondakta hawezi kutembea na dumu la lita tatu, kwa hiyo mpe na kichupa safi chenye mfuniko mpana cha kubebea, aumiminie dumuni akirudi. Mwambie wazi kwamba akisahau mara moja akakojoa chooni, aje aseme, tutaanza upya siku nyingine. Asiongeze maji, asione haya. Akina mama waulize kama wako kwenye siku zao. Damu kidogo haiiyumbishi potasiamu ya mkojo kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa potasiamu iliyomo kwenye damu nzima, ukihesabu na ya ndani ya chembe nyekundu, haitofautiani sana na ya mkojo wa kawaida. Tatizo lake ni kuziba mirija ya mashine. Kama jambo si la dharura, ahirisha.

Dumu litoke maabara, safi na kavu. Dumu la mafuta ya kupikia halitakati hata ulisugue vipi. Lililooshwa kwa dawa kali za kuua vijidudu ni hatari zaidi, kwa sababu dawa za jamii ya benzalkoniamu zinashika kwenye utando wa elektrodi na kuuharibia usomaji. Kwa potasiamu hakuna haja ya kutia kihifadhi. Kinachohitajika ni ubaridi: friji nyuzi 2 hadi 8, na kama nyumbani hakuna friji, ndoo yenye maji na barafu, dumu likisimama ndani yake kivulini, barafu ikibadilishwa. Barafu za kufunga kwenye mifuko zinauzwa karibu kila mtaa. Mkojo uliokaa kwenye baridi tangu mwanzo hauna wasiwasi kwa wiki nzima.

Usimkusanyishe mtu mkojo wa saa 24 katika mfungo wa Ramadhani kama lengo ni kujua ulaji wake wa kawaida, maana milo imehama na maji yamehama. Subiri baada ya Idi.

Mkojo wa mara moja ni rahisi, lakini nao una sharti lake. Utoaji wa potasiamu hupanda na kushuka ndani ya siku, na kwa watu wengi kilele chake ni karibu na mchana, kwa hiyo saa ya kuuchukua iandikwe. Kama ni mgonjwa aliyelazwa na potasiamu yake imeshuka, uchukue kabla hajaanza dripu au vidonge vya potasiamu. Ukichelewa saa mbili tu utakuwa unapima dawa uliyompa. Na utoe pamoja na damu ya wakati huohuo, ipimwe potasiamu na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo).

Sampuli inapofika mezani

Soma jina na saa mbili zilizoandikwa, ya kuanza na ya kumaliza. Kisha pima ujazo wote. Kama silinda ya kupimia haitoshi, tumia mizani: pima dumu likiwa na mkojo, toa uzito wa dumu tupu, na kila gramu moja ihesabu kuwa mililita moja. Uzito wa mkojo unatofautiana na wa maji kwa asilimia 3 ukizidi sana, na hilo ni dogo kuliko makosa ya kusoma alama zilizochorwa pembeni ya dumu.

Ujazo upimwe kabla ya kumimina chochote. Nimeona mtu mwangalifu kabisa akichota mililita 50 za vipimo vingine, halafu ndipo anapima kilichobaki.

Changanya kwa kulipindua dumu polepole kama mara kumi, usilitikise likatoa povu. Kama mgonjwa ameleta madumu mawili, yachanganye yote kwenye chombo kimoja kikubwa kabla ya kuchota. Mkojo wa usiku na wa mchana si kitu kimoja. Chota mililita 10 kwenye tyubu yenye jina, na zungusha kwenye sentrifuji dakika tano hadi kumi. Potasiamu yenyewe haigandi kuwa fuwele, kwa hiyo unachoondoa hapa ni takataka zinazoziba mrija. Mkojo uliotoka kwenye friji na kuganda uweupe au uwaridi uache upate joto kwanza, fuwele za yureti zitayeyuka zenyewe. Usinyonye kutoka chini ya tyubu.

Kuitayarisha mashine

Kila asubuhi tazama elektrodi kwa macho kabla ya kubonyeza chochote. Elektrodi ya potasiamu isiwe na kiputo upande wa ndani ya utando. Kikiwepo, ichomoe, ipige taratibu kwa kidole kama unavyopiga bomba la sindano, ili kiputo kipae juu. Tazama elektrodi ya rejea zaidi ya zote. Ndani yake mara nyingi kuna mmumunyo mzito wa potasiamu kloraidi, na ukivuja hata tone, utakuwa unapima potasiamu ya mashine. Chumvi nyeupe kavu kuzunguka kiungo chake ndiyo dalili. Ifute kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowa maji yaliyotakaswa, kaza, na uangalie tena kesho yake.

Piga kalibresheni ya alama mbili na usome slopu, yaani milivolti zinazopanda potasiamu ikiongezeka mara kumi. Usitosheke na neno la kwamba imepita. Andika namba ya slopu kwenye daftari kila siku, kwa sababu elektrodi inayozeeka haifi ghafla. Inashuka kidogo kidogo, milivolti moja wiki hii, mbili wiki ijayo, na siku inapokataa kalibresheni utakuwa umeshatoa majibu mengi nayo ikiwa imechoka. Kiwango kinachokubalika kimeandikwa kwenye kitabu cha mashine yako, kifuate hicho.

Umeme ukikatika, na hapa kwetu utakatika, usiamini kalibresheni ya asubuhi. Ukirudi, iache mashine itulie na ipate joto lake, kalibreti upya, pitisha kontroli, ndipo uendelee. Betri ya akiba inayoweza kuishikilia mashine hii hata nusu saa inaokoa vitendanishi vingi, maana kila kuzima na kuwasha kunakunywa mmumunyo.

Kisha kontroli. Tumia kontroli za mkojo, za viwango viwili, cha chini na cha juu, na uzipitishe kama mkojo wa mgonjwa: uzizimue kwa mkono uleule, pipeti ileile, programu ileile. Kontroli ya seramu inathibitisha elektrodi tu. Haijui chochote kuhusu kuzimua kwako. Siku ile ya 2.6 tungekuwa na kontroli ya mkojo kwenye foleni, nayo ingetoka imepungua mara kumi, na mtoto wa mafunzo angeiona. Namba zake zichore kwenye grafu ya Levey-Jennings, inayoonyesha kontroli zinavyoyumba siku hadi siku kuzunguka wastani wake. Ikitoka nje ya mikengeuko sanifu mitatu, simama. Zikifuatana mbili nje ya miwili upande uleule, simama vilevile.

Kuzimua na kusoma

Kiwango cha kuzimua kinategemea mashine. Zipo zinazotaka sehemu moja ya mkojo kwa mbili za maji ya kuzimulia, zipo zinazotaka moja kwa tisa. Hapa natumia moja kwa tisa kama mfano.

1. Chukua tyubu safi, iandike namba ya mgonjwa na neno "1+9".
2. Weka maji ya kuzimulia mikrolita 1,800. Yawe yale ya mtengenezaji. Maji ya bomba yana chumvi zake, maji yaliyotakaswa hayana sodiamu ambayo mashine inaitegemea, na dripu ya saline haina kiasi kile kinachotakiwa.
3. Badilisha ncha ya pipeti. Nyonya mkojo na uurudishe mara mbili ili ncha ilowane, kisha nyonya mikrolita 200, futa nje ya ncha bila kugusa mdomo wake, na uachie ndani ya maji.
4. Funga, pindua mara nane hadi kumi, na usubiri viputo vipae juu.
5. Chagua programu ya mkojo kwenye skrini. Soma kwa sauti jina la programu kabla ya kubonyeza.
6. Pitisha mara mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 5, zimua upya. Kurudia kupitisha tyubu ileile hakuponyi kosa la pipeti.

Nimesema 200 kwa 1,800 na si 20 kwa 180, ingawa uwiano ni uleule. Tone dogo linalobaki nje ya ncha ni sehemu kubwa ya mikrolita 20, na ni kama si kitu kwenye 200.

Hatua ya tano ndiyo yenye mtego. Mashine nyingi zikiwa kwenye programu ya mkojo zinazidisha zenyewe, na namba unayoiona ni ya mkojo halisi. Zikiwa kwenye programu ya seramu hazizidishi. Kuna maabara zinazosahau kuzidisha, na zipo zinazozidisha tena kwa kumi namba ambayo mashine imeshaizidisha, na kutoa 380 mahali pa 38. Njia ya kujua mashine yako inafanya lipi ni kuijaribu: tengeneza mmumunyo wa potasiamu kloraidi wa 50 mmol/L, yaani gramu 3.73 ndani ya lita moja, uzimue, upitishe, uone skrini inasema 50 au 5. Matokeo yake yaandike kwa kalamu nene na uyabandike mbele ya mashine.

Panga mikojo iwe mwisho wa kundi, baada ya seramu zote. Kama ni lazima kuingiza seramu ya dharura baada ya mkojo wenye potasiamu 100 na kitu, osha mrija kwanza na upitishe kontroli moja ya seramu, maana masalia kidogo tu yanaweza kuipandisha 3.2 ya mgonjwa wa wodini ikaonekana haina tatizo.

Hesabu

Kwa mkojo wa saa 24, zidisha mmol/L kwa lita. Tuseme mashine imetoa 42 mmol/L na ujazo ni mililita 1,850: 42 × 1.85 = 77.7 mmol kwa siku. Daktari wa lishe akitaka miligramu, zidisha kwa 39.1, unapata takriban 3,040. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku kwenye chakula, sawa na 90 mmol, na kwa kawaida sehemu kubwa ya kilicholiwa inatoka kwa mkojo. Anayekula maharage, mchicha, ndizi na viazi vitamu anakaribia huko. Anayeishi kwa mkate mweupe na chai yuko mbali.

Kabla ya kuitoa namba hiyo, uhakiki kama mkojo ulikusanywa wote, kwa kutazama kreatinini yake. Mwanaume mtu mzima hutoa takriban miligramu 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mwanamke 15 hadi 20. Mama wa kilo 60 aliyeleta kreatinini ya miligramu 400 kwa siku hakuleta mkojo wote, isipokuwa kama misuli imekwisha kwa ugonjwa au uzee. Mpigie simu, muulize kwa upole.

Kwa mkojo wa mara moja, gawanya potasiamu kwa kreatinini, zote zikiwa mmol/L. Kreatinini ikiwa kwenye mg/dL, izidishe kwanza kwa 0.0884. Turudi kwa yule mama: kreatinini ya mkojo wake ilikuwa 80 mg/dL, sawa na 7.07 mmol/L. Kwa 26 uwiano ni 3.7. Kwa ile 2.6 ya makosa ni 0.37. Kwa mtu ambaye potasiamu ya damu imeshuka, uwiano ulio juu ya 1.5 unaelekeza kwenye figo, na ulio chini yake unaelekeza kwingine: kuharisha, kutokula, au potasiamu kuhamia ndani ya chembe. Namba zetu mbili zilikaa pande mbili za mstari huo.

Kwenye mkojo wa saa 24 wa mgonjwa wa namna hiyo, figo zenye afya hushusha utoaji hadi chini ya 25 au 30 mmol kwa siku. Zaidi ya hapo zina mchango kwenye upotevu. Kwenye fomu ya kipimo weka nafasi ya kuandika dawa anazotumia: haidroklorothiazaidi, bendrofluazaidi na furosemaidi zinaongeza potasiamu ya mkojo, spironolaktoni inaipunguza. Fomu yetu ya zamani haikuwa na nafasi hiyo.

Kuihakiki njia yako

Usianze kutoa majibu ya mkojo kwa sababu tu mashine ina kitufe cha mkojo. Fanya majaribio mawili, yatakula asubuhi moja.

La kwanza ni la kuongeza. Tengeneza potasiamu kloraidi ya 100 mmol/L, gramu 7.455 kwa lita. Chukua mililita 9 za mkojo unaojua ni 40 mmol/L, ongeza mililita 1 ya mmumunyo huo. Inayotarajiwa ni 36 kutoka kwenye mkojo na 10 ya kuongeza, jumla 46. Ukipata 45.7, umerudishiwa 9.7 kati ya 10, asilimia 97, na hiyo ni nzuri. Ukipata 44, umerudishiwa 8 tu. Angalia pipeti kabla ya kuishuku elektrodi.

La pili ni la kupunguza. Chukua mkojo mzito, uzimue zaidi ya kawaida kwa hatua kadhaa, nusu, robo, thumuni, na uone kama majibu yakizidishwa yanarudi palepale. Mahali yanapoanza kupotoka ndipo ukomo wa mashine yako ulipo, na chini ya hapo andika "chini ya" na kiwango hicho, usiandike namba.

Kufunga siku

Mkojo wa mwisho ukishapita, osha kwa dawa ya mtengenezaji. Kamasi na protini za mkojo zinajenga ngozi laini kwenye utando, na ngozi hiyo ndiyo inayoifanya elektrodi ichelewe kutulia, unaona namba ikipanda polepole hata baada ya mlio wa mashine wa kumaliza kusoma. Usiongeze jiki ya dukani kwa makisio yako; nguvu yake inatofautiana chupa kwa chupa, na utando wa valinomaisini hauna kinga nayo. Baada ya dawa, pitisha seramu iliyobaki mara mbili au tatu ili utando uzoee tena, kisha kalibreti.

Vaa glavu hadi mwisho. Mkojo uliobaki mwaga kwenye sinki ya uchafu ufuatiwe na maji mengi, tyubu na ncha ziende kwenye ndoo ya taka hatarishi. Zile tyubu za mililita 10 ambazo hazijazimuliwa zifunike na uziweke friji siku saba. Daktari akipiga simu kuuliza mbona jibu haliendani na mgonjwa wake, utakuwa na kitu cha kupima tena.